INSAFU YA MUISLAMU KATIKA UWANJA WA MPIRA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyemkirimu binadamu, akampa akili na khiari, na akamuamrisha uadilifu kwa ampendaye na kwa asiyempenda. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Imekuwa dasturi katika miji ya pwani, baada ya Sala ya Isha, wanaume kukusanyika barazani na penye televisheni kutazama mpira wa Ulaya. Na katika miaka hii ya karibu mazungumzo ya mpira yamechanganyika na mazungumzo ya dini. Mchezaji Muislamu amekataa kuvaa jezi yenye rangi za upinde wa mvua. Huyu humwita shujaa wa Islamu, na yule humwita mkorofi asiyejua kuishi na watu. Sauti hupanda, mate hurukiana, na mara nyingi mazungumzo huishia katika matusi juu ya watu wasiokuwapo. Baraza ikivunjika kila mtu hurudi nyumbani akidhani ameitetea dini yake, hali ya kuwa huenda ameibomoa kwa ulimi wake.

Kwa hivyo imefaa jambo hili lipangwe kwa utaratibu. Kwanza khabari kama zilivyokuwa, kisha haki ya mwenye kukataa, kisha haki ya yule mwingine, ambaye barazani hatajwi illa kwa dharau.

KHABARI KAMA ZILIVYOKUWA

Rangi za upinde wa mvua zimefanywa alama ya wanaume wapendao wanaume, na wanawake wapendao wanawake, na wale wanaojiona kuwa na jinsia isiyo ile waliyozaliwa nayo. Tarehe 17 Mei ya kila mwaka imewekwa katika nchi nyingi kuwa siku ya kupinga chuki dhidi ya watu hao. Nchini Ufaransa, kwa misimu kadhaa, wakuu wa ligi ya mpira waliwavisha wachezaji jezi zenye nambari za rangi hizo katika mechi zilizo karibu na siku ile.

Tarehe 14 Mei 2022 timu ya Paris Saint-Germain ilikwenda kucheza Montpellier. Idrissa Gana Gueye, mzaliwa wa Dakar, mchezaji wa taifa la Senegal, hakucheza. Mwalimu wa timu alisema kuwa hana jeraha, bali ana sababu zake mwenyewe. Watu wakaelewa kuwa hakutaka kuivaa jezi ile. Baraza la maadili la shirikisho la mpira la Ufaransa likamwandikia barua, kumtaka akanushe maneno hayo au apigwe picha amevaa jezi. Naye Macky Sall, aliyekuwa Rais wa Senegal wakati ule, akatangaza kuwa yuko pamoja naye na kwamba itikadi yake ya dini yapasa kuheshimiwa.

Mwaka uliofuata, Mei 2023, klabu ya Toulouse iliwaweka kando wachezaji wake kadhaa kwa sababu hiyo hiyo. Mmoja wao, Zakaria Aboukhlal wa Morocco, alieleza mwenyewe kuwa yeye humheshimu kila mtu, awe wa dini gani na wa hali gani, na kwamba heshima hiyo ataka pia ifikie imani yake. Siku hiyo hiyo Mostafa Mohamed, Mmisri wa klabu ya Nantes, alikataa kucheza kwa maneno yaliyo karibu na hayo. Klabu yake ikamtoza faini, na fedha zile zikaelekezwa kwa chama kinachowatetea watu wa jinsia moja.

Mei 2024 Mohamed Camara wa Mali, mchezaji wa Monaco, alicheza, lakini aliifunika kwa utepe chapa iliyokuwa kifuani mwake. Mawaziri wa Ufaransa wakamlaumu, shirikisho la mpira la Mali likamtetea, na kamati ya nidhamu ya ligi ikamfungia mechi 4.

Nchini Uingereza mambo yalikwenda kwa upole zaidi. Mwisho wa Novemba na mwanzo wa Desemba 2024, Sam Morsy, nahodha wa Ipswich, aliyezaliwa Uingereza na kuichezea Misri, hakuvaa kitambaa cha unahodha chenye rangi zile. Klabu yake ikatangaza kuwa yaheshimu uamuzi wake wa dini, na papo hapo kwamba yaendelea kuwakaribisha watu wote. Katika siku hizo hizo Marc Guehi, nahodha wa Crystal Palace, Mkristo mwana wa mchungaji, alikivaa kitambaa kile lakini akaandika juu yake kwa mkono wake maneno ya kumpenda Yesu. Wakuu wa mpira wakamkumbusha kuwa maandishi ya dini hayaruhusiwi katika mavazi ya mchezo. Hata wenye kufuata mpira wakauliza: imekuwaje alama ya itikadi moja kuamrishwa, na alama ya itikadi nyingine kukatazwa, juu ya kitambaa kimoja?

HAKI YA MWENYE KUKATAA

Suala hilo si dogo, wala si geni. Walikwisha kulikuta watu walio bora kuliko wachezaji wa mpira. Katika mwezi wa Dhulkaada, mwaka wa 6 wa Hijra, Bwana Mtume s.a.w. alifika Hudaybiya pamoja na masahaba zake kwa nia ya Umra, na Makureshi wakawazuia. Wakakubaliana kuandika mkataba. Aliyekuja kwa upande wa Makureshi ni Suhayl bin Amr. Sayyidna Ali akashika kalamu, akaandika kuwa huu ndio mkataba wa Muhammad, Mtume wa Mwenyezi Mungu. Suhayl akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba lau wao wangalimsadiki kuwa ni Mtume, wasingalimzuia na Nyumba wala wasingalipigana naye. Basi aandike jina lake na jina la baba yake.

Masahaba walighadhibika. Sayyidna Ali hakuweza kuyafuta maneno yale kwa mkono wake. Bwana Mtume akaomba aonyeshwe mahali yalipo, akayafuta yeye mwenyewe. Na itazamwe hapa hekima iliyomo. Aliyekuwa na haki ni Mtume. Utume wake haukupungua kwa kufutwa herufi chache, wala haukungoja saini ya Suhayl ili uwe kweli. Lakini hakumlazimisha mtu kuweka muhuri wake juu ya neno ambalo moyo wake haulikubali. Kwani saini ya mwenye kulazimishwa si ushahidi wa kitu illa wa nguvu ya aliyemlazimisha.

Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu hakumlazimisha Suhayl kuishuhudia haki kwa ulimi usioamini, basi hana hoja mkuu wa klabu anayemlazimisha mchezaji kubeba kifuani alama ambayo dhamiri yake yaikataa. Mchezaji ameajiriwa kwa miguu yake na pumzi zake. Hakuuza moyo wake katika mkataba. Na jezi ivaliwayo kwa kuogopa faini haimwambii yule aliyekusudiwa kuliwazwa kuwa anapendwa. Yamwambia tu kuwa faini ni kubwa.

Na hili si jambo la rangi zile peke yake. Mwaka 2006, Frédéric Kanouté wa Mali, alipokuwa akiichezea Sevilla ya Hispania, alilifunika jina la kampuni ya kamari lililokuwa kifuani mwa jezi yake. Hashim Amla wa Afrika Kusini, mchezaji mashuhuri wa kriketi, aliichezea nchi yake miaka mingi bila ya kuvaa chapa ya pombe iliyovaliwa na wenzake, na timu yake ikamkubalia. Mabao ya Kanouté hayakupungua, wala mikimbio ya Amla haikupungua. Wenye timu wakipenda, nafasi ya dhamiri hupatikana.

NUSU YA PILI YA MKATABA

Lakini baraza nyingi hukomea hapo. Hukipenda kisa cha Hudaybiya katika nusu yake ya kwanza, na nusu ya pili hawaisomi. Kwani mkataba ule haukuandikwa ili Suhayl ahifadhi maneno yake tu. Uliandikwa ili watu wa pande mbili wapate amani kwa muda wa miaka 10, mtu apite njiani asiogope upanga wala kuvamiwa. Hawakukubaliana katika itikadi, wakakubaliana katika usalama. Basi mwenye kutaka asilazimishwe kuishuhudia itikadi ya mwenziwe, yampasa naye atoe amani. Mwenye kuchukua nusu ya mkataba na kuitupa nusu ni mfanya biashara mwenye mizani mbili, na watu wa namna hiyo wametishiwa maangamizo katika Kitabu.

Sharia ya Islamu katika jambo lenyewe ni maarufu, wala haifichwi. Wanazuoni wa madhehebu wamelihisabu tendo la mwanamume na mwanamume kuwa ni dhambi, kama walivyohisabu zina, riba, ulevi na kamari. Lakini Sharia hiyo hiyo imetenga baina ya kinachopita moyoni na kinachotendwa. Imeharimisha kupeleleza siri za watu. Imemtaka mwenye kumtuhumu mtu zina alete mashahidi 4, na asipowaleta, imemwekea yeye mtuhumu adhabu ya mijeledi 80, na ushahidi wake haupokewi tena. Katika Sura ya Hujurat waumini wamekatazwa kudharauliana, kupeana majina mabaya, kudhania dhana mbaya na kuchunguzana. Na katika Sura ya Maida wameonywa kuwa kuchukia kwao watu kusiwapeleke kuacha uadilifu. Hapakuwekwa humo ruhusa ya kumtupia mtu mawe njiani kwa sababu ya mwendo wake, wala kumtusi kwa sababu ya sauti yake.

Na yapasa ijulikane kwa nini alama zile ziliwekwa, maana mtu hawezi kuwa na insafu katika jambo asilolijua asili yake.

Alikuwako Uingereza mchezaji mmoja, jina lake Justin Fashanu. Mwaka 1981 alinunuliwa na klabu ya Nottingham Forest kwa paundi milioni 1, naye akawa mchezaji mweusi wa kwanza wa Uingereza kufikia thamani hiyo. Mwaka 1990 alitangaza gazetini kuwa yeye ni mwenye kupenda wanaume. Viwanja vikamzomea, kwa rangi yake na kwa khabari yake. Hata nduguye wa damu alimkana hadharani, na baadaye, wakati majuto yalipokuwa hayafai tena, akatangaza majuto yake. Mei 1998 Fashanu alijiua mjini London, umri wake miaka 37. Sababu za kifo chake zilikuwa zaidi ya moja, kwani alikuwa akikabiliwa na mashitaka Marekani aliyoyakana. Lakini mtu aliyekwisha kukosa pa kuegemea huanguka kwa upepo mdogo.

Baada yake ikapita miaka zaidi ya 30, na hapana mchezaji mwengine wa kazi hiyo Uingereza, katika mpira wa wanaume, aliyethubutu kusema kama yeye angali akicheza. Tarehe 16 Mei 2022, siku mbili tu baada ya Gueye kukosa mchezo Montpellier, alijitokeza kijana wa Blackpool, jina lake Jake Daniels, umri wake miaka 17. Akasema kuwa amechoka kuishi katika uwongo.

Basi na mwenye akili aziweke mbele yake khabari hizi mbili za wiki moja. Huku mtu mzima wa Senegal, anaombwa apigwe picha katika vazi ambalo dini yake, kwa alivyoifahamu, haimruhusu. Huku kijana wa Kiingereza, amekulia katika vyumba vya kubadilishia nguo akiogopa kila neno lisimponyoke. Kila mmoja wao ataka jambo moja: aucheze mchezo wake bila ya kulazimishwa kuwa mwengine. Ubaya wa watu ni kuwa kila kundi limemchukua mmoja wao likamfanya bendera, na wa pili likamfanya adui.

ALIYEONJA UCHUNGU ASIUNYWESHE

Muislamu wa Ulaya aijua vema taabu ya kuambiwa aifiche hali yake. Mwaka 2023 shirikisho la mpira la Ufaransa liliwaagiza marefarii wasisimamishe mechi ili wachezaji wafuturu. Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, baraza kuu la sharia za serikali ya nchi hiyo liliikubali kanuni ya shirikisho ya kuwazuia wanawake kucheza mechi zake kwa hijabu, hali ya kuwa wakuu wa mpira wa dunia walikwisha kuiruhusu tangu mwaka 2014. Binti anayeambiwa achague baina ya mpira na mtandio wake aelewa maana ya kufungiwa mlango.

Na kwa upande mwengine pametokea wema ambao Muislamu hawezi kuukana. Tarehe 26 Aprili 2021, katika Ramadhani, Leicester ilicheza na Crystal Palace. Jua lilipokwisha kuchwa, manahodha na refarii walikuwa wamekubaliana, na golikipa wa Palace akauchelewesha mpira wa goli kidogo, Wesley Fofana na Cheikhou Kouyaté wakafuturu kando ya uwanja. Golikipa yule hakusilimu kwa kuungoja mpira, wala hakuulizwa kama akubali faradhi ya saumu. Alimpa mwenziwe nafasi ya kupumua tu. Muislamu aliufurahia wema huo. Basi na ajiulize: ni nafasi gani ya kupumua aliyoitoa yeye kwa mtu ambaye hakubaliani naye?

Wenye insafu miongoni mwa wachezaji wamelijua hilo. Aboukhlal hakukataa akanyamaza. Alikataa kisha akasema analolikubali, yaani heshima ya kila mtu. Hii ndiyo adabu ya kukataa. Kwani aliyeumizwa hauoni moyo wa mwenye kukataa. Huliona vazi lisilovaliwa, na chapa iliyofunikwa, na iliyobaki hujaza kwa khofu yake. Ile chapa ya mwaka 2024 ilikuwa na neno la chuki lililopigwa mstari wa kufutwa. Asiyetaka kuibeba kwa kuogopa kuwa nyuma yake yako mambo mengine asiyoyakubali, dhamiri ni yake, wala moyo wake haupasuliwi ukatazamwa. Lakini yampasa aseme waziwazi kwa ulimi wake kuwa chuki yenyewe, na kupigwa, na kutukanwa, haviridhii. Neno hilo halimtoi katika dini. Ni katika dini.

Wala si haki kuwatia doa wale Waislamu wengine waliozivaa jezi zile wakacheza. Wengi walikusudia kuzuia matusi, na matendo huhukumiwa kwa nia. Sayyidna Usama bin Zayd alimuua vitani mtu aliyekwisha kutamka shahada, kwa kudhani kuwa aliitamka kwa khofu, na Bwana Mtume akamuuliza kwa ukali kama aliupasua moyo wa mtu yule akaona. Usama akatamani lau angalikuwa hajasilimu illa siku ile. Basi na waogope wale wanaotoa fatwa za ukafiri mbele ya televisheni, na glasi ya chai mkononi, kwa sababu ya rangi ya nambari mgongoni mwa mtu.

FEDHEHA ILIYO KARIBU

Na lau madhara haya yangalikuwa ya Ulaya peke yake, maneno yangalikuwa mepesi. Lakini mwezi wa Februari 2010, katika mji wa Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, ulienea uvumi kuwa wanaume wawili wataoana. Hapakuonekana shahidi mmoja, seuze 4. Watu wakahamasishwa, na viongozi wa dini, Waislamu na Wakristo, wakiwamo miongoni mwa waliohamasisha. Umati ukakizingira kituo cha afya, na watu wakapigwa kwa kudhaniwa tu. Polisi wakawatoa baadhi yao mikononi mwa umati, na hatimaye wakawaachilia. Harusi ile haikuwako.

Na apime kila mwenye kufahamu Sharia. Katika siku ile, ni dhambi gani iliyothibiti kwa ushahidi? Iliyothibiti ni ya wenye kupiga. Uvumi ulithibiti, na dhana ilithibiti, na kupigwa kwa mtu bila ya kadhi wala hukumu kulithibiti. Waliotoka kuizuia munkari waliirudisha ikiwa nyumbani kwao.

Na mlango wa fedheha hiyo hufunguliwa barazani, kwa matusi madogo. Mchezaji akikosa goli, huitwa kwa jina la wale wanaodharauliwa. Mtoto wa miaka 10 amekaa kando, asikia, na kesho hulipeleka neno lile chuoni, akamvika mwenziwe mnyonge. Katika Septemba 2023, usiku ambao uwanja wa Paris ulijaa nyimbo za kuwatusi watu wa jinsia moja, wachezaji 4 wa Paris Saint-Germain, na miongoni mwao Waislamu, walionekana wakiimba na mashabiki nyimbo za kuwatukana mahasimu wao wa Marseille. Wakahukumiwa kukosa mechi 1, hukumu iliyoahirishwa. Je, huko ndiko kuitetea dini? Bwana Mtume amefundisha kuwa muumini si mwingi wa kutukana wala wa kulaani. Sayyidna Abu Dharri alipomfedhehi mtu kwa mama yake, aliambiwa kuwa bado ndani yake kuna ujahili. Na mlevi mmoja alipoletwa mara nyingi kwa kosa lile lile, sahaba mmoja akamlaani, Bwana Mtume akakataza, akashuhudia kuwa mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Kosa lilibaki kuwa kosa, na mtu akabaki kuwa mtu.

MIZANI MOJA

Limebaki neno moja, nalo ni zito kwa wenye baraza. Mtu husimama kumsifu Gueye kwa uchamungu, na mfukoni mwake mna mkeka wa kamari wa mechi ile ile. Huapa kuwa haitazami jezi yenye rangi za upinde wa mvua, na jezi aliyoivaa yeye mwenyewe, aliyoinunua sokoni, ina jina la kampuni ya kamari kifuani, na ameingia nayo msikitini akasimama safu ya mbele. Klabu za ligi kuu ya Uingereza zilikubaliana Aprili 2023 kuyaondoa majina hayo vifuani mwa jezi, kuanzia mwisho wa msimu wa 2025/26, kwa kuona madhara yake. Watu wasiosoma Sura ya Maida wameona aibu, na mwenye kuisoma haoni.

Kamari imekatazwa kwa nassi iliyo wazi. Imekula karo za watoto na posho za nyumba katika pwani hii, na wake wa watu wamelia kwa ajili yake. Lakini haipigiwi kelele, kwa sababu ni dhambi ya wenye baraza. Dhambi ya mwengine ndiyo yenye kuonekana kubwa. Mwenye insafu huanza kwa nafsi yake, akaipima kwa mizani ile ile anayowapimia watu, na akiona yake imezidi, ulimi wake hupata adabu.

KHATIMA

Jumla ya maneno ni mambo matatu. La kwanza, Muislamu aliyeajiriwa katika mchezo ana haki ya kukataa kuibeba alama isiyokubalika na dhamiri yake, na akatae kwa upole, bila ya tashtiti, akieleza analolikataa na analolikubali. La pili, haki hiyo haitimii illa kwa kumpa amani yule asiyekubaliana naye. Asipigwe, asizomewe, asipelelezwe, asifukuzwe nyumbani, wala asinyimwe salamu ya njiani na msaada wa mgonjwa. Kwani Bwana Mtume alisimama jeneza la Yahudi lilipopita, na alipoambiwa kuwa ni Yahudi, aliuliza kama hiyo siyo nafsi. La tatu, mwenye kuhukumu watu aanze kwa mfuko wake na ulimi wake.

Na Suhayl bin Amr, yule aliyekataa kutia muhuri wake Hudaybiya, mwisho wake ulikuwaje? Hakupigwa siku ile, wala hakutukanwa. Alirudi kwao na maneno yake. Miaka miwili baadaye Makka ilipofunguliwa, alijifungia nyumbani mwake akiogopa kuuawa, akapewa amani. Akasilimu, na ukawa mzuri Uislamu wake. Moyo wake haukufunguliwa kwa kulazimishwa, ulifunguliwa kwa amani aliyoikuta kwa watu aliowapinga.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa watu wa kauli njema na mizani moja, awahifadhi vijana wao na dhulma, ya kuitenda na ya kutendewa, na awasitiri waja wake duniani na Akhera. Amin.